Sendofu ya Dorothea

Mimi si mtu wa kusifu watu hovyo. Waulize mafundi wa Kizota, wale wenye gereji iliyopakana na kitalu changu cha maua. Watakwambia Mama Luka huanza kugomba kabla jua halijachomoza na humaliza likishazama. Kwa hiyo nikisema kwamba sijaona binadamu wa kumfananisha na Loisi, mjue sijarogwa wala sijahongwa. Nimeishi naye, nimemwona.

Alikuja kwangu kama miaka kumi iliyopita, msichana wa ishirini na kitu, kutafuta kibarua cha kumwagilia. Nilimpa kwa sababu aliniamkia vizuri na hakuwa na maneno mengi. Baadaye niliona kwamba hakuwa na maneno kabisa. Ukimwita kwa nguvu anainua mkono kukinga uso, hata kama umemwitia chai. Akivunja chungu cha mche anakaa chini palepale, anasubiri. Mwanzoni sikuelewa anasubiri nini. Nilipoelewa niliingia ndani nikalia, kisha nikatoka nikamgombeza mteja asiye na kosa.

Mdomo wangu hauna pazia, nikamuuliza nani amemfanya hivyo. Akasema hakuna mtu. Nikajua yupo, tena ana jina.

Jina nililipata kidogo kidogo, maana Loisi alikuwa anazungumza akiwa ameinamia miche tu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, huko kijijini. Mdogo wake mama, Anyesi, ndiye aliyesimama msibani akasema mtoto huyu nitaishi naye mimi, na watu wote wakamshukuru. Akampeleka Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini, kwenye nyumba ya matofali yenye geti. Ila Anyesi alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike, Dorothea, na alichokuwa anakitafuta ni mgongo wa kumbebea. Basi mtoto akakabidhiwa mtoto. Dorothea akilia, Loisi anachapwa. Dorothea akilala, Loisi anadeki, anafua, anachota maji. Shule aliijua kwa kengele yake tu, ikilia mtaa wa pili. Alichapwa kwa mwiko na kwa waya wa pasi, na usiku alilala jikoni na yule mtoto kifuani, kwa kuwa mama mtu hakutaka kuamshwa.

Unaweza kudhani alimchukia huyo mtoto. Mimi ningemchukia, sitaki kujifanya mtakatifu. Loisi alimpenda. Alimfundisha kutembea akimshika vidole viwili, akamfundisha kusema maji, kusema asante, kusema shikamoo. Neno la kwanza alilotamka Dorothea halikuwa mama, lilikuwa dada. Na kwa kutamka hilo Loisi alichapwa pia.

Alitoroka akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita, na Dorothea hajaanza hata darasa la pili. Akapita kazi za ndani, akaosha vyombo kwa mama ntilie, mpaka akafika kwangu. Mambo ya fimbo aliyasimulia kwa sauti kavu, kama mtu anayekuelekeza njia ya stendi. Lakini alipofika kwenye kumwacha yule mtoto aliinuka, akaenda kumwagilia miche iliyokuwa imeshamwagiliwa. Hapo ndipo nilipolijua jeraha lenyewe lilipo. Alikuwa anaamini Dorothea amekua akimchukia kwa kumtupa. Au amemsahau kabisa, na hilo kwake lilikuwa baya zaidi.

Sasa, maua ya Dodoma si kazi ya mchezo. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukimwagilia wiki mbili udongo unaota ukoko mweupe, na waridi linaanza kukauka ncha za majani. Loisi alikuwa anaonja kila ndoo kwa ulimi kabla haijagusa mche. Alinilazimisha ninunue simtanki la pili la kukingia maji ya mvua, nikabisha, nikanunua. Alifunika mashina kwa maganda ya karanga ili jua lisinyonye unyevu. Ndani ya miaka miwili wateja walikuwa wanapita vitalu vingine vyote wanakuja kwetu, na mimi nikawa nagomba kwa mazoea tu, sina sababu.

Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni kukata. Waridi lisipokatwa linarefuka hovyo na maua yanakuwa madogo kama vifungo. Nikimpa mkasi anaushika, anautazama, anaurudisha mezani. Anasema yatauma. Nikimwambia maua hayaumi, ananijibu kwa adabu kwamba hata juu yake yeye watu waliambizana hivyo hivyo, kwamba haumii.

Nikampeleka Makutupora kwa kaka yangu Daudi, mwenye shamba la zabibu. Ulikuwa msimu wa kupogoa, na watu walikuwa wanakata mizabibu mpaka inabaki visiki na vidole vichache. Loisi alisimama pale akitazama, midomo ameibana. Daudi ni mzee wa kanisa na hapitwi na nafasi ya kuhubiri. Akamwambia, binti yangu, hata sisi Mungu hutupogoa hivi hivi, mateso yako ya utotoni yalikuwa mkasi wa Bwana, angalia leo ulivyochanua. Nilimwona Loisi anainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpinga mtu mzima.

"Baba, huu mzabibu unakatwa na mtu anayeujua," akasema. "Anachagua pa kukata, na akishakata anauwekea samadi. Mimi sikupogolewa. Mimi nilipigwa tu."

Mimi nilitaka kumkumbatia yule binti, nikajizuia, kwa kuwa wakati huo alikuwa bado hapendi kuguswa. Kesho yake asubuhi nilimkuta kitaluni na mkasi mkononi, anakata mstari mzima wa waridi, tena kwa haki, bila huruma ya kijinga. Kila shina alilolikata alilipa konzi mbili za samadi kabla ya kwenda linalofuata. Tangu siku ile nilianza kumwona ananyooka.

Sisemi maua yalimponya kama kidonge kinavyoponya kichwa. Yalimpa mahali pa kuwa mtu. Alianza kucheka utani wa mafundi wa gereji. Akaanza kupamba kanisani kila Jumamosi, kisha harusi ndogondogo, kisha kubwa. Kumbi za Dodoma zimejaa maua ya kitambaa, ya kukodi, yenye vumbi la harusi tatu zilizopita. Loisi alikataa. Alipamba kwa maua yanayonyauka. Watu waliguna, halafu wakaona, halafu wakaanza kupiga simu.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Pasaka, gari lilisimama mbele ya kitalu akashuka mama mmoja mnene kiasi, kitenge cha bei, miwani ya jua. Alikuwa anamtafuta mpambaji aliyesifiwa kanisani kwao, kwa ajili ya sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Loisi alitoka nyuma ya mabogenvilia akiwa amebeba trei ya miche. Akasimama. Trei haikuanguka, lakini niliona vidole vilivyoing'ang'ania.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Yule mama akavua miwani. Marahaba, akasema, kumbe upo. Akamtazama juu mpaka chini, akatazama kitalu, akatabasamu kwa kuridhika, na hapo akanigeukia mimi. Akanieleza kwamba huyu mtoto yeye ndiye aliyemlea, alimchukua akiwa hana mbele wala nyuma. Akasema samaki mkunje angali mbichi, watu walimwona mkali lakini angalia leo, asingenyooshwa angekuwa wapi? Nilifungua mdomo. Loisi akanitazama mara moja tu, nami nikaufunga. Sijui niliwezaje.

Walipanga tarehe, ukumbi wa Kikuyu karibu na kwao, idadi ya meza. Anyesi alitaka vitambaa vyeupe na maua meupe. Loisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja lililokuwa nje ya kazi.

"Doro hajambo?"

"Hajambo," Anyesi akajibu akipanda gari. "Hakukumbuki. Alikuwa mdogo."

Gari lilipoondoka nilisema niliyokuwa nimeyameza, yote, na mafundi wa gereji wakazima mashine zao wasikilize vizuri. Nikamwambia Loisi kazi hiyo tuikatae. Amwachie huyo mama yake mdogo akapambe kwa matambara. Loisi alikuwa anafuta udongo kwenye trei.

"Nataka nimwone," akasema. "Hata akinipita. Nimwone tu amekuwaje."

Akanitaka niahidi kwamba siku hiyo sitasema kitu kwa mtu yeyote, maana ni siku ya Doro, si yake wala yangu. Nikaahidi. Mafundi wanaonijua walicheka.

Siku ya sendofu tulikata maua alfajiri, kabla jua halijayagusa, tukayatumbukiza moja kwa moja kwenye ndoo za maji ya mvua. Waridi jeupe tulikuwa nalo kitaluni. Lakini Loisi alitaka na alizeti. Nikamwambia alizeti ni ya kukamua mafuta, Wagogo wote watatucheka, hakuna aliyewahi kuolewa katikati ya mafuta ya kupikia. Akacheka na yeye, akakodi pikapu akaenda akaijaza shambani kwa mtu. Mpaka saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umewaka. Meza ziling'aa kwa weupe kama alivyotaka mwenye shughuli, na huku na huko kati ya weupe huo yamechomoza maua ya njano makubwa kuliko sahani, yote yameelekezwa mlangoni atakapoingilia bibi harusi. Nimezaliwa kwenye mashamba ya alizeti, nimepalilia alizeti mpaka nikaichoka. Sikuwahi kujua kwamba ni nzuri kiasi kile.

Sisi wapambaji hatukai. Tulisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na ndoo yetu ya maji kwa ajili ya ua litakalolegea. Loisi alikuwa na kitenge juu ya nguo za kazi. Muziki ukapigwa, watu wakasimama, Dorothea akaingia akicheza taratibu na msimamizi wake. Msichana mrefu, shingo ndefu, ana namna ya kutembea kama anayejua aendako. Vidole viwili vya Loisi, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimesimama peke yavyo pembeni ya paja, na sidhani alijua.

Dorothea alipita hatua chache kutoka tuliposimama. Alitazama maua, akatabasamu, akatutazama na sisi kama mtu anavyowatazama wahudumu, akaendelea mbele kwenye meza ya juu.

"Amependeza," Loisi akasema. Basi. Akachukua ua moja lililokuwa zima kabisa, akalitia kwenye ndoo. Niliumia kuliko yeye alivyoonyesha kuumia. Nilitaka kwenda kumvuta yule bibi harusi sikio mbele ya kamati nzima. Ahadi ni deni, nikabaki na deni langu.

Ukaja utambulisho. Wenyeji wa mambo yetu wanajua kwamba sendofu haiendi bila utambulisho, tena mrefu, mpaka shemeji wa jirani asimame apunge mkono. Anyesi alipewa maiki awatambulishe wa upande wake. Akawasimamisha wajomba, mashangazi, watoto wake wa kiume, jumuiya yake ya kanisani. Angeweza kuishia hapo. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini watu walikuwa wameyasifu mno mapambo, na yeye si mtu wa kuacha sifa imwendee mwenzake.

Akasema: na maua haya mnayoyaona, aliyeyapamba pia ni mtoto wangu, anaitwa Loisi, nimemlea mwenyewe tangu mdogo, amenyooka mikononi mwangu. Akanyoosha kidole nyuma. Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele. Loisi akainua mkono wenye maji kidogo, akaushusha. Hakukataa, hakukubali. Mimi nilikuwa nautafuna ulimi wangu.

Ila nilikuwa naangalia meza ya juu. Dorothea aligeuka ghafla mpaka kilemba cha msimamizi wake kikapigwa na kiwiko. Hakumtazama mama yake. Alitutazama sisi, kule nyuma, macho yakitafuta, yakapita kwangu, yakatua. Tabasamu la picha likamtoka usoni. Nikamkanyaga Loisi mguu, lakini alikuwa ameinamia ndoo, hakuona.

Ratiba ni ratiba. Chakula kikaliwa, zawadi zikaletwa kwa kucheza, na katika muda wote huo Dorothea hakuondoa macho nyuma ya ukumbi. Ikafika keki. Desturi yetu ni kwamba binti anayeagwa huwalisha keki wazazi kwa mkono wake na kuwashukuru, na hapo ndipo kamera zote husogea. Mama akaitwa mbele. Anyesi akaja kwa madaha, kitambaa cha machozi tayari mkononi. Dorothea akamlisha kipande, akamshika mikono yote miwili, akasema kwenye maiki, "Mama, asante kwa kunizaa."

Mshereheshaji, kijana anayejua kazi yake, akarukia palepale na ule msemo ambao hakuna sherehe inayopita bila kuusikia. Kuzaa si kazi, ndugu wageni waalikwa, kazi ni kulea! Makofi kwa mama! Makofi yakapigwa. Yalipotulia Dorothea bado alikuwa ameshika maiki.

"Ni kweli," akasema. "Kazi ni kulea. Naomba nimlishe na aliyenilea."

Watu wakamtafuta bibi yake kwa macho. Anyesi mwenyewe alikuwa bado amesimama, anatabasamu, anasubiri kipande cha pili. Dorothea akachukua sahani, akakusanya gauni kwa mkono mwingine, akampita mama yake, msimamizi nyuma yake na maiki. Akapita meza ya kamati, akapita meza ya wakwe, wanawake wakivuta viti kumpisha. Kadiri alivyokuja ndivyo ukumbi ulivyozidi kunyamaza, mpaka nikasikia gauni lake likiburuzika sakafuni. Loisi aliinua kichwa, akamwona amebakiza meza mbili, akageuka kama anayetafuta mlango wa jikoni. Nilisimama mlangoni. Sikusema kitu, ahadi sikuivunja, nilisimama tu.

Dorothea akafika, akaachia gauni, akapokea maiki. "Huyu ndiye aliyenilea," akawaambia watu. "Alikuwa mtoto, na alinilea. Alipigwa kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa naona."

Hakuna aliyepiga makofi. Kule mbele Anyesi alikuwa amekaa, ingawa sikumwona anakaa. Wale mama wa jumuiya yake walikuwa wanatazama meza. Nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo kwa miaka, na ilipofika wala sikumtazama tena yule mwanamke. Nilimtazama Loisi, aliyekuwa anajifuta mikono kwenye kitenge, anajifuta tena, mikono imeshakauka siku nyingi.

Dorothea alimrudishia msimamizi maiki. Yaliyofuata tuliyasikia sisi tuliokuwa karibu tu. Poda ilikuwa imeanza kumharibika mashavuni, na ghafla hakuwa tena bibi harusi wa watu, alikuwa mtoto aliyenuniwa na dunia kwa miaka mingi.

"Uliondoka bila kuniaga," akasema. "Niliamka nikakutafuta mpaka chini ya meza. Nilikutafuta siku nyingi, dada."

Loisi alimtazama. Mkono wake ukapanda, ukamgusa shavu, ukafuta palipolowa kwa kidole gumba kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kula.

"Ulikuwa umelala, Doro," akasema. "Ningekuamsha nisingeondoka."